Nyuki Anayejua Kunyamaza

Watu wakiwasifu nyuki husifu umoja wao. Mimi naona tunawavika sifa isiyo yao. Kundi lililohama mzinga likaning'inia tawini huku likitafuta makao mapya ni baraza la wabishi, na malkia, pamoja na cheo chake chote, hana kura.

Mwaka 1949 mtafiti Mjerumani Martin Lindauer aliona jambo la ajabu: nyuki waliokuwa wakicheza juu ya kundi kama hilo walikuwa wamechafuka kwa vumbi na masizi. Mauani hakuna masizi. Hao walitoka kukagua nyumba. Mpelelezi hutambaa ndani ya tundu la mti kwa nusu saa hivi, kisha hurudi na kuwachezea wenzake ngoma ya kuwaelekeza. Pakiwa pazuri, hucheza mizunguko mingi zaidi.

Utamu uko hapa: kila anapotoka kupakagua tena, ngoma yake hufifia, ingawa tundu ni lilelile, mpaka akaacha kabisa. Waliomtazama nao hawamwamini hivihivi, huenda kujionea. Tena mwaka 2012 mtafiti wa nyuki Thomas Seeley na wenzake walionyesha kwamba wapelelezi wa tundu moja humpiga kichwa anayelichezea tundu jingine, wakitoa mlio mfupi, ili aache. (Nimekaa kwenye kamati za harusi ambazo zingefaidika sana na kipengele hicho.)

Wataalamu wa roboti wameiga kunyamaza huko. Kilobot, kiroboti kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Harvard, kina upana wa milimita 33 na hutembea kwa kutetemeka. Gabriele Valentini na wenzake waliweka 100 mezani vichague moja kati ya pande mbili. Kilichotoka upande bora hutangaza kwa muda mrefu zaidi, kisha hurudi kukagua. Vikifuata wengi miongoni mwa majirani, uamuzi huja upesi. Kila kimoja kikiiga jirani mmoja tu, huchelewa lakini hukosea mara chache.

Hesabu hiyo ni safi, lakini nina neno. Kilobot hakikupima chochote. Ubora wa kila upande kiliambiwa na vifaa vya ishara vilivyowekwa chini ya meza. Ile nusu saa ya gizani haipo, na kwangu ndiyo inayompa mpelelezi haki ya kucheza. Siku kiroboti kitakapoingia shimo kisilolijua, kikatoka na vumbi mgongoni na jibu lake chenyewe, nitakiita nyuki.