Aprili ya Waskoti na ugomvi wangu na Culloden

Aprili ikifika, Waskoti huwa na tarehe za kukumbuka mfululizo. Tarehe 6 ni ya barua ya Arbroath ya mwaka 1320, ambayo makabaila walimwandikia Papa Yohane wa 22 wautetee uhuru wa nchi yao chini ya Mfalme Robert Bruce. Tarehe 11 ni ya mwaka 1951, pale Jiwe la Scone, ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake, lililoibwa na wanafunzi Westminster Abbey siku ya Krismasi, lilipokutwa kwenye magofu ya abasia ya Arbroath. Wezi wenye mbwembwe, wale! Lakini tarehe inayoliza watu ni 16: vita vya Culloden, 1746.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Wengi husimulia kana kwamba siku ile Uingereza iliichinja Uskoti. Si kweli. Koo mbili za kifalme, Stuart na Hanover, ziligombea kiti kimoja. Jeshi la Cumberland, mtoto wa Mfalme George II wa Hanover, lilikuwa na vikosi vya Waskoti, wakiwemo wanamgambo wa Argyll. Kwa Charles Edward Stuart, aliyekitaka kiti hicho kwa ajili ya ukoo wake, nako walikuwepo askari wa Kiayalandi waliotumwa na Ufaransa. Hata hivyo, pale uwanjani lipo jiwe linalotaja makaburi ya Waingereza, kana kwamba upande ule haukuwa na Mskoti hata mmoja.

Na uzembe nao husahaulika. Usiku wa kuamkia vita, Charles aliwaswaga watu wake wenye njaa kuelekea Nairn, kwenye kambi ya Cumberland, akitarajia kuwakuta maadui wamelewa, kwani Cumberland alikuwa ametimiza miaka 25. Kabla hawajafika, alfajiri ikakaribia, wakarudi hoi. Vita vyenyewe havikufika saa nzima, na Cumberland akashinda.

Kilichofuata ndicho kibaya zaidi: majeruhi waliuawa, nyumba zikachomwa, vazi la tartani likapigwa marufuku hadi 1782, machifu wakapokonywa mamlaka ya kuhukumu. Mambo ya miaka mingi hayana siku ya kuwekewa mashada.

Mimi ningeanza na tarehe 9. Siku hiyo mwaka 1747, Lord Lovat, chifu wa ukoo wa Fraser wa Uskoti, alikatwa kichwa jijini London, mtu wa mwisho kuuawa hivyo Uingereza. Mzee huyo alikuwa upande wa Hanover katika uasi wa wafuasi wa Stuart wa 1715. Ule wa 1745, ulioishia Culloden, ulipoiva, akampeleka mwanawe akaongoze ukoo kwa Stuart.