Kinyama kwanza au dawa kwanza?

Mama wa Kibosho anamwogesha mwanawe wa mwaka na nusu kwenye beseni, mkono unagota kitu kigumu chini ya mbavu za kulia. Jirani anasema minyoo. Bibi anasema bandama (bandama iko kushoto, lakini nani atabishana na bibi?). Wanapofika KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, tumbo limeshakuwa ngoma.

Utrasaundi ikionyesha uvimbe kwenye ini la mtoto wa umri huo, hushukiwa kwanza hepatoblastoma, saratani ya ini inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 3. Karibu 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu, kipimo chao cha damu cha AFP (protini inayotengenezwa na ini changa na uvimbe wa namna hii) hupanda mno. Ubishi unaanzia hapo: wachukue kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano kikapimwe maabara, au waanze dawa za saratani?

Wanaotaka kinyama wana hoja nzito. AFP hudanganya: kila mtoto huzaliwa nayo juu, ikashuka taratibu kwa miezi kadhaa. Mtoto mkubwa mwenye homa ya ini B anaweza kuwa na saratani nyingine, ile ya watu wazima, isiyosikia dawa vizuri. Upo pia uvimbe wa mishipa ya damu, si saratani, na mara nyingi hunywea wenyewe. Kumtundikia mtoto mwenye uvimbe huo dripu ya sisplatini, dawa inayoweza kumwachia uziwi, ni kumwumiza bure.

Lakini ini limejaa damu, na sindano ikitoboa vibaya mtoto huvujia ndani. Majibu nayo yakikawia wiki kadhaa, uvimbe haungoji.

Mimi naegemea dawa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, AFP ikiwa juu kupindukia na picha ya siti skani ikikubaliana nayo. Nje ya hapo, kinyama, hasa AFP ikiwa chini ya 100, maana uvimbe wa namna hiyo huwa mkali. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wasio wa hatari kubwa, sisplatini peke yake haikupitwa na mchanganyiko wa dawa. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka 3. Ila walifanyiwa pia upasuaji. Dawa husinyaza uvimbe, kisu ndicho huutoa.

Kwa hiyo karatasi ya AFP ya kwanza mama aitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. AFP isiposhuka baada ya mizunguko miwili ya dawa, ni wakati wa kurudi kwenye kinyama.