Mtoro Anayejua Kusoma

"Mama, huyu mtoto anasoma wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidole. Ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, umeegemezwa ukutani sebuleni, Buhongwa, hapa jijini Mwanza. Juu yake kulikuwa na hesabu za sehemu, moja imekosewa na kuzungushiwa duara. Bwana wa serikali ya mtaa alikuwa amekuja na orodha ya watoto walioacha kuonekana shuleni. Akautazama ubao, akamtazama mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kumpa shikamoo yake, kisha akaandika neno moja mbele ya jina. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikalisoma: mtoro.

Neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Kwetu ukisema mzazi anamsomesha mtoto nyumbani, watu hudhani ni mzungu wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, anayefuata masomo ya kwao kwa intaneti, au ni mzazi anayemficha mtoto achunge ng'ombe. Mama huyu hayumo katika makundi hayo mawili. Alisomea ualimu, akaufanya miaka kadhaa, akaacha. Siku hizi anauza vitenge jioni. Mwanawe ana kigugumizi. Darasa la pili walikuwa wanabanana wanne kwenye dawati la watatu, na akiulizwa swali akachelewa kujibu, ni fimbo. Kanuni zinasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu, visizidi viboko vinne, na viandikwe daftarini. Mtoto kanuni hizo hazijui. Anachojua ni kwamba neno likimkwama kooni atachapwa. Ikafika mahali akiiona sare tu asubuhi anajikojolea. Mama akaifua ile sare, akaikunja, akaitia sandukuni.

Wakati huo ilikuwa haijasahaulika habari ya Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ambako Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Siwezi kumwambia mzazi aliyeisikia habari ile kwamba hofu yake ni ya kudekeza.

Serikali nayo haikukurupuka. Elimu ya msingi kwa wote (UPE) ilipitishwa pembezoni mwa ziwa hilihili, kwenye Azimio la Musoma la Novemba 1974, na Sheria ya Elimu ya 1978, kifungu cha 35, ikaufanya uandikishaji wa mtoto wa miaka saba kuwa lazima. Bila msukumo ule wa UPE, mama yangu mzazi angeendelea kupeleka barua kwa jirani asomewe. Na bado kuna kazi. Nenda mwalo wowote asubuhi, mwezi ukiwa gizani na dagaa wametoka kwa wingi, utakuta watoto wanaanika na kugeuza dagaa saa ambayo kengele ya shule imekwisha lia. Waulize wazazi wao, kila mmoja atakuapia kuwa mtoto anasoma. Ukiwapa na sentensi ya kisheria, "namfundisha mwenyewe nyumbani," utawapata wapi tena? Mtendaji wa kata anayeukataa ubao wa Buhongwa anawafikiria hao, na ana haki ya kuwafikiria.

Ila kifungu chenyewe kinahesabu kuandikishwa na kuhudhuria. Kujua hakimo. Mtoto anayekaa nyuma ya darasa miaka saba akatoka hawezi kusoma sentensi ameitimiza sheria. Wa Buhongwa, anayemsomea bibi yake gazeti, ameivunja. Na tukisema mzazi si mwalimu, tukumbuke UPE yenyewe ilibebwa na nani: vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa corona kuanzia Machi 17, na za msingi zisifunguliwe hadi Juni 29, hakuna mtendaji aliyepita kuwaambia wazazi wasifundishe. Machi 2023 Serikali hiyohiyo ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu mtoto mdogo anahitaji kulelewa na wazazi. Sababu nzuri kabisa. Mama wa Buhongwa ameisogeza mbele kidogo tu.

Lakini kuna jambo ambalo sisi tunaowatetea wazazi hatupendi kulishika. Nimeligeuzageuza sana. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kumuoa mwanafunzi ni kosa. Uzito wote uko kwenye neno mwanafunzi. Utaniambia sheria ya jinai inamlinda kila msichana aliye chini ya miaka 18. Ni kweli, lakini iliacha tundu la ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Sasa mchukue binti wa miaka 15 ambaye jina lake haliko shule yoyote, kwa sababu baba anasema anamfundisha nyumbani. Anayekuja na ng'ombe wa mahari anamuona nani pale? Kwenye rejesta ya shule binti yule angekuwa mwanafunzi, na mwenye ng'ombe angefikiria miaka 30 kabla hajalifikia lango. Nje ya rejesta ni msichana wa nyumbani tu, na mwenye kuridhia ni baba yuleyule aliyemwondoa shule.

Ndiyo maana siwezi kwenda na wale wanaotaka Serikali isiuone mlango wa nyumba zao. Siendi na Ujerumani pia, inayokataza kabisa kusomesha mtoto nyumbani, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaiunga mkono mwaka 2006. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto unamheshimu mzazi anayechagua shule isiyo ya dola, mradi ifikie viwango vilivyowekwa. Afrika Kusini tangu 1996 wanaruhusu elimu ya nyumbani, sharti mtoto asajiliwe. Na sisi, Afisa Elimu Kata akiwa na daftari la watoto wa aina hii, akapita mara mbili kwa mwaka, akamwambia mtoto asome ukurasa mmoja mbele yake na kukokotoa hesabu mbili, mtoto wa mwaloni atajulikana papo hapo na wa Buhongwa pia. Huyo wa pili aandikwe mwanafunzi, na ulinzi wote unaokuja na neno hilo.

Wazazi wanaihofia ziara hiyo, na hofu yao naielewa. Mwenye daftari lenye jina lako hakosi sababu ya kurudi, na hupendelea kurudi wakati wa sikukuu. Bado mtihani utawabana kuliko afisa. Aliyesoma nje ya shule anaweza kufanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akianzia na mtihani wa maarifa (QT). Darasa la saba halina dirisha hilo. Mtahiniwa anasajiliwa na shule yake, na ubao wa plaiwudi hausajili mtu.

Mama alilijua hilo tangu mwanzo. Januari aliitoa sare sandukuni, akakuta imembana mtoto mabegani, akaenda Igoma kununua nyingine. Mtoto yuko darasa la nne, shule tofauti na ile ya kwanza, anakaa wa nne kwenye dawati. Jina lake limetoka kwenye orodha ya watoro. Jioni ubao unateremshwa tena kutoka juu ya kabati, na juzi nilipopita walikuwa wanarudia, polepole, maneno yanayoanza na k.