Kariakoo: Nyumba Ikibomolewa, Nani Anabaki na Kumbukumbu?

Mitaa mitatu ya Kariakoo, yaani Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, ina majina ya mahali palipopiganwa vita kusini mwa Tanganyika mwaka 1917, na kila siku watu huyataja majina hayo wakimwelekeza dereva au mbeba mizigo bila kufikiria kwamba wanataja viwanja vya mauti. Jina la eneo lenyewe limetoka katika vita hivyohivyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza neno hilo kuwa Kariakoo, kama lilivyogeuka Kariokor kule Nairobi. Wapagazi walikufa kwa wingi, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na ukiondoa maneno machache yaliyoandikwa kwenye sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927, ukumbusho wao mkubwa ni jina hili linalotamkwa sokoni tangu alfajiri hadi usiku.

Naanza na majina kwa sababu ndiyo yaliyosalia. Nyumba zimekwisha, au zinakaribia kwisha. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nyumba za chini za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine, na kila kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya familia moja na wapangaji wake kinabeba ghorofa lenye fremu za maduka chini, stoo juu yake, na vyumba vya kuishi vinavyozidi kupungua. Kuhusu mabadiliko hayo kuna wanaosema ndiyo maendeleo na wanaosema ni kufutwa kwa historia, na kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyokubali.

Wanaotetea ujenzi wana historia upande wao pia. Kariakoo haijawahi kuwa mahali pa kutulia. Wajerumani walijenga hapo banda la soko kabla ya Vita vya Kwanza, Waingereza wakalitumia kwa ajili ya wapagazi, kisha likarudi kuwa soko; katika miaka ya 1970 likaondolewa kupisha soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo Waafrika katika Afrika Mashariki, lenye paa la zege linalofanana na miavuli mikubwa na sehemu ya chini ya ardhi ambayo watu huiita shimoni. Soko hilo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, waliolililia walililia jengo ambalo nalo, lilipojengwa, lilifuta kumbukumbu ya jingine. Kwa hoja hii, anayetaka Kariakoo isimame anachagua tu mwaka anaoupenda na kutaka wengine wote waishi ndani yake.

Kisha kuna suala la haki ya mwenye kiwanja. Mjukuu aliyerithi nyumba ya vyumba sita pamoja na ndugu zake hawezi kuambiwa ailinde kwa faida ya wapenzi wa historia wanaoishi kwingine, wakati kodi ya vyumba vile haitoshi kuezeka bati jipya, na mwekezaji yuko tayari kuingia naye ubia, ajenge na kumwachia sehemu ya ghorofa. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro wanafuata mzigo Kariakoo, na mkondo huo wa fedha unalisha familia nyingi mno kuweza kuupuuza. Ukweli huu huwa unarukwa haraka na watu wanaozungumzia urithi, na hilo linadhoofisha hoja yao.

Hata hivyo, ili kujua kilichopotea ni lazima kuitazama nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi uliopita katikati na vyumba vitatu kila upande, kisha ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Mpango huo ulikuwa namna ya kuishi. Mwenye nyumba, ambaye wakati mwingine alikuwa mwanamke, aliishi chumba kimoja na kupangisha vingine, hivyo Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija walichota maji pamoja, wakapikiana na kuzikana. Barazani ndipo mgeni aliyetoka bara alipojifunza mji, ndipo wazee walipoamua magomvi, na ndipo siasa ilipozungumzwa kabla haijapata ofisi. Chama cha African Association, ambacho Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1929, kiliota katika mazingira hayo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, leo Lumumba, mwendo mfupi tu kutoka kwenye baraza hizo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 ni watoto wa eneo hilohilo, na upinzani wao ulikuwa wa majirani waliokutana kila siku kabla ya kuwa wa nchi nzima.

Ghorofa la fremu halina baraza. Lina mlango wa chuma unaofungwa jioni, na anayefanya biashara humo amelipa kilemba, yaani fedha ya kupewa nafasi ya duka, anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, na majirani zake ni wafanyabiashara wanaogombea mteja mmoja. Simlaumu. Nasema tu kwamba jengo la namna hiyo haliwezi kurithisha habari za mtaa, kwa sababu hakuna anayelala humo wala anayezeekea humo. Kwa hiyo hoja ya kwamba Kariakoo imekuwa ikibadilika siku zote ni ya kweli, lakini inakwepa jambo moja: mabadiliko ya zamani yaliwabadilishia watu majengo huku wao wakibaki, na haya ya sasa yanawaondoa.

Hapa ningependa wenzangu wanaopenda mambo ya kale nao wajihadhari. Nyumba zile zilikuwa na msongamano, vyoo vya shimo vilivyofurika wakati wa masika, na wapangaji waliohamishwa kwa neno la mwenye nyumba. Isitoshe, Kariakoo yenyewe ni zao la ubaguzi: serikali ya kikoloni iliugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Waingereza wakaliacha wazi eneo la Mnazi Mmoja liwe mpaka kati ya mitaa ya Waafrika na mitaa mingine. Anayesimulia utamu wa baraza bila kutaja mpaka huo anawanyima wazee wa Kariakoo sifa wanayostahili, maana walijenga utu mahali walipowekwa ili wawe mbali.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Kariakoo ilikuwa haijakuwa hata shamba la kupimwa viwanja wakati huo. Waziri anaweza kutangaza ulinzi kwa majengo ya baadaye, lakini kuyalinda kunahitaji mtu wa kuyaombea, na nyumba ya udongo na bati haina mwombezi kama lilivyo kanisa au ikulu. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere Magomeni imekuwa makumbusho, jambo jema kabisa; lakini historia ya watu waliompokea mjini imeachwa mikononi mwa familia zao, na familia hugawana mirathi.

Kwa maoni yangu, ubishi wa ama ghorofa ama nyumba ya chini unatupotezea muda. Ghorofa litajengwa. Maswali ya maana ni mawili: linajengwaje, na nani anarudi humo. Juu ya la kwanza tumekwisha kupata jibu la uchungu tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mtaa unaojengwa kwa pupa hauui kumbukumbu peke yake. Juu ya la pili tuna mfano wa Magomeni Kota. Nyumba za wapangaji wa serikali zilibomolewa, kaya 644 zikasubiri kwa takriban muongo mzima, na mwaka 2022 zikafunguliwa nyumba mpya za ghorofa zilizojengwa kwa ajili yao. Kungoja kulikuwa kurefu kupita kiasi, na wapo waliofariki wakingoja, lakini kanuni ilikuwa sahihi: anayevunjiwa arudi. Ardhi ya Kariakoo iko mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo kanuni hiyo haiwezi kuletwa kwa amri. Inaweza kuletwa kwa kibali cha ujenzi kinachodai orofa mbili au tatu za makazi, na kwa msaada wa kisheria kwa warithi kabla hawajatia saini mkataba wa ubia wasiouelewa.

Mengine ni ya gharama ndogo. Kibao chenye maelezo katika Mtaa wa Mahiwa kinachosema Mahiwa ni wapi na nani walikufa huko. Nyumba moja ya vyumba sita, moja tu, inunuliwe kwa bei ya soko na kuachwa na baraza lake. Na kinasa sauti kipelekwe kwa wazee waliohamia Temeke, Ilala na Kinondoni, ambako Kariakoo ya zamani inaishi sasa. Hilo la mwisho haliwezi kungoja bajeti ijayo, kwa sababu mtoto aliyekuwa na miaka 10 TANU ilipozaliwa amekwisha kuvuka miaka 80.