Muuguzi aliyechoka hajapungukiwa na wito

Nimekuwa muuguzi Lamu kabla ya kuhamia Uingereza, na bado huniuma kusikia nyumbani ikisemwa kwamba muuguzi aliyechoka hana wito. Wito tunao, kinachotuumiza ni kufanya kazi bila nyenzo.

Wodini huku, mgonjwa asiyeweza kujigeuza huinuliwa kwa mashine au husogezwa kwa shuka za kutelezesha, kwa sababu kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri, kadiri inavyowezekana, amwepushe mfanyakazi na unyanyuaji wa mikono unaoweza kumjeruhi. Lamu tuliwaita jamaa wa mgonjwa, tukashika shuka pembe nne, tukanyanyua. Kiuno kikishaharibika hivyo, usingizi hupotea, na asiyelala huingia zamu akiwa mwepesi wa hasira na wa kukosea dozi.

Katika visiwa vya Lamu hali ni nzito zaidi. Katika zahanati ndogo, muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye mkunga, mtoa dawa na mwandishi wa rejista. Mama akianza kutokwa na damu usiku, na kusi limechafua bahari, muuguzi huyo hutundika dripu huku akitafuta boti, mafuta na nahodha atakayekubali kutoka. Hata mama akifika salama, ile hofu haimwachi muuguzi, na kesho yake hakuna wa kumpokea zamu.

Mwaka 2001, Evangelia Demerouti na watafiti wenzake walieleza kwamba kazi inayomtaka mtu mengi mno humchosha, na uhaba wa nyenzo humfanya ajitenge na kazi yenyewe. Katika nyenzo walihesabu pia msaada wa wakubwa, na hapo ndipo sitaki kuisifu Uingereza kupita kiasi: wauguzi ni wachache, na huweza kupita zamu nzima bila mtu kuniuliza hali, jambo ambalo Lamu lisingetokea. Lakini upendo wa wenzetu, ambao naukosa sana, haunyanyui mgonjwa wa kilo tisini.

Kenya, tangu mwaka 2013, hospitali na zahanati nyingi za umma ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo bajeti ya Lamu inapojadiliwa, muuguzi wa pili katika kila zahanati ya kisiwani, boti ya wagonjwa yenye mafuta na mashine za kuinulia wagonjwa zihesabiwe kuwa ni matibabu ya wauguzi wenyewe, na wauguzi waulizwe kipi kitangulie.