Mtoto wa kanisani katika duara la dua

Kabla ya mechi za skuli hapa Unguja, wachezaji hukaa duara, viganja wazi mbele ya kifua, nahodha au mwalimu wa michezo akaomba dua. Ikimalizika wote huitikia, hujipangusa nyuso, kisha hao, kiwanjani. Katika duara hilo mara moja moja huwamo kijana ambaye Jumapili alikuwa kanisani, Minara Miwili kwa Wakatoliki au Mkunazini kwa Waanglikana. Wenzake wanamjua na mwalimu anamjua. Mikono yake inafanya nini dakika ile? Nimewasikia wazazi wa Kikristo wakilibishania suala hilo kwa ukali kuliko wanavyobishania ada.

Wapo wanaotaka mtoto ajitenge. Asimame hatua mbili nyuma, asubiri, na akitaka kuomba aombe kwake, kwa ishara yake ya msalaba. Hoja yao si ya kupuuzwa hata kidogo. Mtoto huyu siku yake nzima hupimwa kwa saa ya wengine. Darasani huitikia "Asalaam alaikum" pamoja na wenzake, Ijumaa skuli hufungwa mapema watu wawahi msikitini, na mchana wa Ramadhani hatafuni chochote mbele ya watu. Hakuna baya katika moja ya hayo. Lakini ukiyajumlisha kwa miaka yote ya skuli, wanasema, mtoto hujifunza kwamba imani yake ni kama kanga ya kulalia, nguo ya ndani ya nyumba, si ya kutokea nayo. Akifika miaka ishirini hana ugomvi na kanisa. Ana aibu nalo tu.

Kundi hili hupenda kutaja nyota wa mpira. Kaká, mwaka 2007 pale Athens, baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, alibaki na fulana iliyotangaza kuwa yeye ni wa Yesu. Mohamed Salah akifunga husujudu mbele ya uwanja mzima wa Waingereza, na vijana wetu wanamuiga kila jioni kwenye viwanja vya mchanga. Ikiwa sijda ni halali, kwa nini ishara ya msalaba ionekane ni kujishaua?

Kwa hilo mimi niko nao. Ishara ya msalaba haimkati mtu miguu, na sijawahi kumuona refa akiipulizia filimbi. Fulana ya Kaká ni jambo jingine: Kanuni ya 4 ya mpira wa miguu inakataza maandishi ya dini kwenye jezi na hata kwenye fulana ya ndani. Rozari ya shingoni nayo refa ataivua, na wazazi wasiende kulalamika kwamba ni udini. Vidani vyote hukatazwa kwa ajili ya usalama, na kuvifunika kwa plasta hakusaidii. Waliotunga kanuni hiyohiyo ndio walioruhusu vifuniko vya kichwa mwaka 2014, na wasichana wetu wa mashungi wakapata pa kuchezea bila kuambiwa wavue.

Kundi la pili linasema aingie duarani, awe mmoja wa timu, dini yake ionekane kwenye tabia. Naelemea huku, ingawa si kwa sababu wanazozitaja wao. Wao husema "tusiwaudhi wenyeji," kauli inayonikera, kwa sababu kijana aliyezaliwa Kikwajuni, naye babu yake akazaliwa Mbweni, ni mwenyeji wa kisiwa gani kingine?

Sababu yangu iko Kiungani, hapahapa Unguja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na skuli pale katika karne ya 19. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, na mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa padri. Vijana wa skuli ile ni miongoni mwa watu wa kwanza kusakata kabumbu katika visiwa hivi. Kwa hiyo anayedhani kiwanja cha mpira Zanzibar kina dini moja tangu hapo ajue kwamba mpira wenyewe uliingia pia kwa mlango wa misheni.

Lakini wanaotaka kiwanja kiwe mimbari nao wasikimbilie kufurahi. Walimu wa misheni waliamini kwamba michezo humtengeneza kijana wa Kikristo, humpa nidhamu, humfundisha kutii. Mpira ukatoka Kiungani ukaenda Mnazi Mmoja, ukavuka Ng'ambo, ukazaa timu na utani na ugomvi wa barazani, na waliocheza wakabaki Waislamu vilevile. Kama ilikuwa nyavu ya kuvulia watu, ilitoboka mapema. Kilichobaki ni furaha, na ukiniuliza mimi, hiyo si hasara. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi naye akiwa kifungoni, na aliposema na Wakorintho juu ya mbio na tuzo alikuwa akitoa mfano tu. Hakumtuma mtu akahubiri katikati ya mashindano.

Furaha ya mtoto huyu inapatikana wapi basi? Katika kupewa pasi. Sitanii. Mtoto wa dini ya wachache anajua papo hapo kama timu imemkubali au imemvumilia, na kipimo chake ni kama mpira unamfikia akiwa peke yake upande wa kulia. Kipimo cha pili ni jina la utani. Mwanangu wanamwita "Padri." Mama yake alipolisikia mara ya kwanza hakulala. Mimi nilikwenda kiwanjani nikasimama nyuma ya goli nusu saa, nikisikiliza. Jina hilo linabadilika kwa dakika. "Padri, Padri, lete!" ni heshima, kwa sababu mtu hamuombi mpira asiyemuamini. Akikosa goli la wazi, mtu akasema "Padri huyo!", kuna mwiba kidogo. Ila beki wao mnene wanamwita "Meli," na kipa wana jina lake ambalo siwezi kuliandika. Niliondoka nimetulia kuliko nilivyokuja.

Ramadhani nayo ni hivyohivyo, mzigo na tunu katika kapu moja. Mazoezi hupunguzwa au husogezwa, na kijana wa Kikristo huona haya kunywa maji hata akiwa na kiu ya kufa. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo Kwaresima na Ramadhani zilikwenda sambamba. Mwaka ule kijana wangu alikuwa na jibu walipomuuliza kwa nini naye hali nyama, na jioni akaalikwa futari nyumba tatu.

Sasa niwatetee wa kundi la kwanza, maana wa pili wana udhaifu mkubwa mmoja. Wanauita utulivu kila kitu, hata hofu. Wazee wengi hapa hawajasahau makanisa yaliyochomwa mwaka 2012, wala Jumapili ya Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi alipopigwa risasi Mtoni akienda kusalisha misa. Mzazi anayemwambia mwanawe "usijionyeshe" si mwoga. Lakini anamrithisha hofu bila kisa chake, na mtoto wa miaka kumi na tano ambaye wenzake wanampenda hajui anamuogopa nani. Anayenyamaza kwa hiari hucheza vizuri. Aliyenyamazishwa hucheza kama aliyefungwa mguu.

Palipo mtihani hasa ni mazoezi ya Jumapili asubuhi. Hapa watu humtaja Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mchujo wa mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya 1924 kwa kuwa uliangukia Jumapili, kisha akachukua dhahabu ya mita 400. Mfano mzuri, ila Liddell alikuwa na mita 400. Winga wa timu ya skuli akikosa mazoezi ana benchi tu. Na mwalimu ambaye hata usingizini hawezi kupanga mazoezi Ijumaa saa saba mchana, Jumapili saa mbili asubuhi huipanga bila kufikiri. Si ubaya. Hakuna aliyemwambia.

Mimi mwenyewe nilinyamaza muhula mzima, nikijisifu kwa uvumilivu, huku mtoto akichagua kila wiki kati ya misa na namba yake. Mwisho nilimfuata mwalimu baada ya sala ya alasiri, tukaulizana hali za nyumbani, tukasema na mvua, nikalitoa. Akanitazama. "Mzee wangu, mbona hamkusema zamani?" Mazoezi yakahamia saa kumi jioni, na nikagundua kwamba wachezaji wengine wawili pia walikuwa wakitaka hivyo, mmoja kwa sababu ya usingizi tu.

Mechi iliyofuata nilimtazama kwenye duara. Hakujitenga, wala hakufungua viganja. Alifumbata vidole mbele ya tumbo, kichwa chini, na wenzake walipoitikia "Amina" akaitikia nao, neno hilo tukiwa nalo sote. Njiani nilimuuliza anaomba nini dakika ile.

"Naomba Meli asipande mbele," akasema. "Akipanda, nani anarudi?"