Baridi yetu ni ya maji, hyumidifaya ya nini?

Mkanda wa ngozi wa mume wangu umeota manyoya. Sitanii, nimeutoa kabatini Jumapili tunawahi ibada ya kwanza nakuta una vinyweleo vya kijani kama mkate uliosahaulika, nikaufuta na kanga akauvaa hivo hivo, ibada nzima mi nanusa tu. Na sio mkanda peke yake, kuna viatu nilivyovaa mara moja tu kwenye send-off ya mdogo wangu, begi la leptopu, hadi kava la Biblia. Ukifungua lile kabati harufu inayokupokea ni ya stoo ya mahindi yaliyonyeshewa.

Tunaishi Ngaramtoni, na wanaoijua Chuga, yaani Arusha, wanajua huku juu ukungu unashuka kutoka mlima Meru kuanzia masika na unaweza kumaliza siku tatu hujaona kivuli chako. Masika ikiisha unadhani umepona, kumbe inaingia ile baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane, mawingu kutwa, nguo zinakaa kambani siku tatu na zikitoka huko bado mshono wa kiunoni ni mbichi.

Sasa mwaka jana mtoto wetu wa mwisho akaanza kukohoa usiku, kikohozi kile kikavu kisichoisha, na mimi badala ya kutumia akili nikaingia YouTube. Nikamkuta dada mmoja wa Marekani, mpole, nyumba yake nyeupee, anaeleza kwamba wakati wa baridi hewa ya ndani inakauka, pua zinakauka, koo linawasha, kwa hiyo tafuta hyumidifaya, yaani kimashine cha kuongeza unyevu hewani. Nikasema basi hilo ndo tatizo letu. Nikaagiza mtandaoni, sh 45,000, kikaja na basi kutoka Dar kimefungwa kama yai, kikaanza kazi chumbani usiku kucha kinapuliza mvuke na taa ya zambarau. Watoto wakakipenda mno. Wiki ya pili ukuta wa nyuma ya kitanda ukaanza kutoa madoa meusi, wiki ya tatu pazia limeshikana na dirisha, na kikohozi ndo kwanza kikapanda daraja.

Kosa halikuwa la yule dada. Kwao nje inafika chini ya sifuri, na hewa ya baridi ina tumbo dogo, haibebi maji mengi, sasa wakiiingiza ndani wakaipasha na hita zao tumbo linapanuka lakini maji ni yale yale kidogo, ndo maana hewa inakuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Sisi hita hatuna. Hita yetu ni blanketi mbili, soksi na kufunga madirisha saa kumi na moja jioni. Baridi yao ni kavu, yetu ni ya maji, na ushauri wa kule ukiuhamishia huku bila kuugeuza unafuga uyoga chumbani.

Nilichokuja kununua baadaye ni kipimo cha unyevu, kadude kadogo ka betri kana namba mbili, joto na asilimia, sh 15,000, na naapa ndo kifaa pekee kwenye hii stori nzima kilichostahili hela yake. Kawaida ndani ya nyumba unataka uwe kati ya 40 na 60. Ukipita 60 ukakaa huko, fangasi wanaanza kufurahi, na wale wadudu wadogo wasioonekana wanaokaa kwenye magodoro, wanaosumbua wenye pumu, nao wanapenda unyevu. Alfajiri ya kwanza chumbani kwetu kilisoma 84. Nikakitikisa nikidhani kibovu, nikakipeleka sebuleni, 79. Jikoni baada ya chai, 88. Nikakaa chini.

Ikabidi nijiulize haya maji yanatoka wapi maana bati halivuji. Jibu ni sisi wenyewe. Watu wanne mkilala chumba kimoja kilichofungwa, mpaka asubuhi mmetoa karibu lita moja kwa kupumua na kutoka jasho tu. Nguo tulikuwa tunaanika sebuleni kwa sababu ya mvua, nikachukua suruali moja ya jinsi ya baba watoto iliyokamuliwa kwa mkono nikaipima kwenye mizani ya duka la jirani (akanicheka mpaka akaita wateja), kilo 1.4, ilipokauka kilo 0.7. Yaani jinsi moja imemwaga maji karibu robo tatu ya lita kwenye hewa ya sebule yangu, na hapo kamba ilikuwa na nguo kumi na tano.

Halafu gesi. Hii wengi hawaijui na mimi nilikuwa siijui, gesi ya kupikia ikiungua inatengeneza maji, ndo kemia yake, kilo moja ya gesi inatoa maji kilo moja na nusu na kidogo. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukiisha ujue umepuliza jikoni kwako lita 9 za mvuke, hapo hujahesabu maharage yanayochemka masaa mawili bila mfuniko. Msinielewe vibaya, sisemi turudi kwenye kuni. Serikali ina ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa, na mimi nauunga mkono kwa mikono miwili. Nachosema ni kwamba jiko la gesi nalo linataka dirisha.

Na hapa kwenye dirisha ndo nagombana na watu. Mama mkwe wangu anasema, mwanangu, nje kuna ukungu, ukifungua unyevu wote unaingia ndani. Inasikika kama akili kabisa. Lakini rudi kwenye lile tumbo. Hewa ya nje ya nyuzi 15 ikiwa na unyevu wa asilimia 90, ukiiingiza ndani ikapata joto mpaka nyuzi 22, asilimia inashuka mpaka karibu 60, kwa sababu maji ni yale yale ila tumbo limekua. Ina maana hata ile hewa ya ukungu ya Ngaramtoni inaweza kuwa kavu kuliko uliyoifungia chumbani na watu wanne na jinsi mbichi. Sikuamini mpaka nilipojaribu. Nikafungua dirisha la mbele na mlango wa jikoni kwa dakika ishirini, saa tano asubuhi, upepo ukapita moja kwa moja, kutoka 81 kikashuka mpaka 66 na wala nyumba haikupoa kivile maana kuta zinahifadhi joto lake. Unachotakiwa ni kupitisha hewa kwa nguvu muda mfupi mchana, sio kuacha dirisha wazi usiku kucha mkapigwa na baridi.

Ila kilichoniuma zaidi ni matundu. Nyumba nyingi za zamani hapa Arusha fundi aliacha matundu ya hewa juu ya madirisha, yale ya tofali za maua au vipande vyenye nyavu. Sisi tulipohamia tulikuta yameshazibwa na maboksi, na tukaongeza na yetu, sababu baridi, sababu mbu, sababu vumbi. Halafu wengine wametoa madirisha ya vioo vya kupanga ambavyo hata ukivifunga vinapitisha kaupepo, wameweka aluminiamu, jipsam juu, tailizi chini, nyumba inapendeza kweli lakini imekuwa hotipoti. Nilipanda stuli nikatoa boksi la juu ya dirisha la chumbani, lilikuwa la mafuta ya kula, upande wa ndani jeusi tii na limelowa linachanika kama karatasi ya chapati. Hicho ndo mwanangu alikuwa anapumulia mita moja juu ya kichwa.

Nilimpigia mwenye nyumba kuhusu yale madoa ya ukutani, akasema "hiyo ni rangi tu mama, nitamtuma fundi". Fundi akaja akapaka rangi juu ya fangasi, silki nzuri ya kung'aa, ikakaa miezi miwili ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Fangasi hafi kwa kufunikwa. Kwanza unamsugua kwa maji ya sabuni, wengine wanaweka na jiki (ukitumia jiki fungua madirisha na usiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya), unaacha ukuta ukauke kabisa, ndo uongelee rangi. Na kabati lisibanwe kwenye ukuta wa nje, liache nafasi ya ngumi moja hivi hewa izunguke. Kwetu hiyo nafasi peke yake ilimaliza nusu ya tatizo. Kama unyevu unapanda kutoka chini, lipu inatoa chumvi nyeupe kwenye kozi (mistari ya tofali) mbili za mwanzo, hiyo sasa ni kesi ya msingi, fundi hakuweka nailoni chini ya jamvi la zege, na hapo dirisha halitakusaidia sana.

Kuna kitu siwezi kuandika kwa utani. Mwezi wa saba huku watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ili walale na joto. Mkaa ukishashika hautoi moshi, ndo maana watu wanauamini, lakini ndo unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unaanza na kichwa kuuma na usingizi mtamu, hauamki. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani, jiko katikati, na bado mtaani mtu atasema ni mambo ya kishirikina. Jirani yangu mmoja anaingiza jiko mpaka leo, nimeongea naye, ananiambia "sisi tumekulia hivo". Ni kweli tumekulia hivo. Bibi yangu Kibosho alikuwa anapikia ndani na kuni, macho mekundu maisha yake yote, ila nyumba yake ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa mkono unapita. Kukohoa alikohoa sana, sitaki kumpamba. Lakini ule uwazi sisi tumeuziba na jipsam halafu tumebaki na jiko.

Kiangazi ni habari nyingine, Januari na Februari, na ile Septemba ya vumbi. Hapo kipimo kinaweza kusoma 35 mchana na kweli pua zinakauka. Beseni la maji chumbani au taulo bichi kwenye kiti inatosha kabisa. Nilijaribu kukirudisha kazini kile kimashine, asubuhi tivii ina unga mweupe juu kama imepakwa poda. Kumbe hivi vya kutikisa maji vinarusha hewani kila kilichomo kwenye maji, na maji yetu Arusha ni haya haya ya floraidi na chumvi zake, kuchemsha hakuzitoi. Kikaondoka chumbani siku hiyo hiyo. Vumbi lenyewe dawa yake ni kitambaa kibichi, ukifagia na fagio kavu unalihamisha tu kutoka sakafuni kwenda puani, na nyavu za dirisha zifuliwe jamani, kuna nyumba nyavu zimeshakuwa ukuta.

Mimea ya ndani wekeni kwa urembo. Utafiti wa NASA wa 1989 watu wanaounukuu kila siku ulifanyika kwenye viboksi vilivyofungwa, nyumba ya kawaida ungehitaji msitu. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo, ile ya mzunguko, kuna utafiti wa 2003 ulikuta moja ikiungua inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Mi nilikuwa nawasha chini ya kitanda cha watoto. Sasa hivi ni neti.

Leo asubuhi chumbani 63, sio mbaya kwa mwezi wa tano. Kikohozi kimepungua, sio kuisha, ila analala. Kile kimashine watoto wanakitumia kama taa ya disko, bila maji. Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Marangu kukaa wiki mbili, na mara ya mwisho alivyoondoka nilikuta ameziba tundu la chumbani kwake na sweta langu. Maboksi yote nimeshampa muuza mayai. Masweta nimeyafungia kabatini kwetu, na funguo ninayo mimi.